Nilimchagua Conso Anipe Dawa

Kama leo umekaa kwenye benchi la nje, lile la wenye kikohozi, barakoa imekubana masikio na watu wa benchi la ndani wanakuangalia kwa jicho la pembeni, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Nami nilikaa hapo. Jina langu ni Yvonne, lakini Goma waliniita Mama Aline, kwa jina la binti yangu. Kazi yangu ilikuwa maharagwe. Nilinunua Kalengera na Rutshuru, nikauza Goma, mengine nikayavusha mpaka wa Bunagana hadi Uganda. Nilikuwa na mwili wangu na sauti yangu, na gunia nililipandisha garini mwenyewe wakati wanaume bado wanatafuta wa kuwasaidia. Nasema hivyo ili ujue aliyeugua alikuwa nani, maana ugonjwa huu hupenda kumsahaulisha mtu alivyokuwa.

Habari za vijidudu sitakueleza. Hizo muulize muganga wako, yule wa hospitali, ndiye aliyezisomea. Mimi nitakueleza jinsi nilivyoishi.

Tulikaa kaskazini mwa Goma, upande wa mlima wa moto, kiwanja kimoja watu wachache. Mimi na Aline tulikuwa na nyumba yetu ndogo ya mbao. Kaka yangu Deo, fundi wa kujenga, alikuwa na yake pamoja na mke wake Consolata. Katikati alikaa mama yetu, aliyetoka Kalengera wakati wa uasi mmoja wa zamani akisema atarudi kukitulia. Hakukutulia. Mume wangu alikuwa ameshafariki miaka mingi, Mungu amlaze pema.

Conso, ndivyo tulivyomwita huyo wifi yangu, alitoka Masisi. Pale Goma hakuwa na ndugu hata mmoja. Ni mwanamke wa maneno machache, mrefu, mwenye hatua ndefu, na kila asubuhi alipika uji wa mtama, akaniletea kikombe kabla sijaenda sokoni. Nilikuwa nakunywa nimesimama, namrudishia kikombe, nakwenda. Kikombe hicho ndicho kilicholeta kesi.

Kikohozi kilianza na mvua za Septemba. Niliponunua dawa za barabarani, kilipungua, kikarudi. Ilipofika Noeli vitenge vyangu vilikuwa vinanizunguka mara mbili. Usiku nililowa jasho mpaka Aline akawa anaanika godoro asubuhi kama la mtoto mchanga. Sokoni wenzangu waliacha kunitania, na hapo nikajua mambo yameharibika, kwa sababu wale wanawake humtania hata maiti.

Kwetu Kivu mtu mzima akikonda, akikohoa, akakataa chakula, neno la kwanza si hospitali. Neno la kwanza ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu husema huwekwa kwenye kinywaji. Neno la pili ni jina la mtu. Tunaiogopa mpaka imeingia kwenye adabu zetu: anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako ndipo akupe, na chupa haifunguliwi jikoni. Mtoto anafundishwa hivyo kama anavyofundishwa kusalimia.

Mama alinipeleka Kibumba, kwa mtu mmoja anayejulikana kwa kutoa karuho. Alininywesha kitu kichungu kama nyongo, nikatapika. Kisha akachovya kijiti ndani ya beseni, akainua kitu cheusi ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini, na sidhani kilitoka kwangu. Akasema aliyenipa anaishi ndani ya kiwanja chetu. Kiwanja chenyewe kilikuwa na watu watano. Mama hakuhitaji msaada wa hesabu.

Njiani kurudi akaanza. "Yvonne, ni ile uji. Ule mwanamuke njo anakuua."

"Mama, Aline naye anakunywa ile uji."

"Ya mutoto anapika mbali."

"Sufuria ni moja, mama. Miye mwenyewe ninaiona."

"Weye unaona nini? Uko mugonjwa. Mugonjwa haonake kitu."

Angelisema ndani ya nyumba tu, tungelimaliza ndani ya nyumba. Lakini mama alisema kwenye bomba la maji, akasema kwenye mkutano wa shirika letu la wakristo, akasema kwa muuza mkaa. Baada ya wiki mbili wanawake wakawa wanainua vidumu vyao Conso anapofika bombani. Vijana wa mtaa walianza kumwita mulozi, yaani mchawi, akiwa anapita. Sisi tulijua mambo hayo huishia wapi. Mtaa wa pili kutoka kwetu, mwanamke alikuwa ametolewa nyumbani kwake kwa mawe kwa sababu mtoto wa jirani alikufa na homa. Mama akamwambia Deo amrudishe mke wake kwao Masisi. Huko Masisi nako kulikuwa na vita. Deo, maskini, alikuwa akienda kazini mapema na kurudi giza limeingia ili asiulizwe na yeyote.

Nami nilianguka siku ya soko, kwenye depo, katikati ya magunia yangu. Walinibeba kwa chukudu, lile gari la mbao la kusukuma, pale panapowekwa viazi. Hospitalini wakanipa kikopo nikohoe ndani, wakanirudisha benchi la nje kusubiri.

Jibu lilikuwa kifua kikuu, tena kile kikaidi, kisichosikia dawa za kawaida. Muganga wetu alikuwa mama mmoja mnene kutoka Butembo, mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Hakucheka siku hiyo. Alinieleza kwamba dawa zitapita mwaka mzima na zaidi, kila siku bila kuruka, na kwamba lazima kuwe na mtu mmoja wa nyumbani atakayeniona nikimeza, anifungue kinywa ahakikishe zimeshuka. Akaangalia watu wa kwetu waliosimama mlangoni. "Sasa, nani atakuwa garde-malade?"

Mama akatangulia. "Ni miye. Nilimuzaa."

Nikasema, "Hapana. Itakuwa Conso."

Conso alikuwa nyuma kabisa, amebeba thermos, hakuna aliyemwita ila hakuna aliyemfukuza. Mama alinishika mkono, akanong'ona kwa Kinyarwanda kwamba homa imenipanda kichwani. Homa ilikuwepo kweli, lakini akili ilikuwa yangu. Nilikuwa nimewaza kwenye benchi tangu asubuhi. Nikifa, Conso atauawa au atafukuzwa, hakuna njia ya tatu. Nikipona kwa mkono wa mama, watu watasema mama ameniokoa kutoka kwa mchawi. Nilitaka nipone kwa mkono uleule wanaousema, watu wakiona. Nimefanya biashara nyingi maishani, na ile ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Utauliza kama sikuogopa. Niliogopa, dada. Karuho nimezaliwa nayo masikioni, haitoki kwa siku moja. Kuna asubuhi niliangalia vidonge kwenye kiganja cha Conso nikasikia sauti ya yule mtu wa Kibumba. Nikameza hivyo hivyo.

Sasa sikiliza kichekesho. Tulianza dawa nyumbani, kiwanjani, mimi kwenye kiti mbali na wengine, mama mlangoni pake amekunja mikono, majirani wakichungulia juu ya ua. Baada ya siku chache Conso akaanza kutapika. Uso ukamsinyaa, akawa anatembea ameshika ukuta. Mama akatoka nje kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

"Munaona? Sumu yake imemurudilia! Mungu iko!"

Ua wote ulisikia. Jioni yake vijana walirusha mawe mawili kwenye bati la nyumba ya Deo, na Aline akalia mpaka akalala. Conso alikaa tu chini, kichwa kwenye magoti.

Asubuhi muganga wetu akafika mwenyewe, mkoba begani. Alitaka kuona pakiti zangu kwa sababu ugonjwa kama wangu hufuatiliwa nyumbani. Akahesabu, akakunja uso, akahesabu tena. Vidonge vimepungua. Akaniuliza kama nimemeza zaidi, nikakataa. Akamgeukia Conso, ambaye rangi yote ilikuwa imemtoka.

"Mama, dawa iko wapi?"

"Nilionja," Conso akasema.

"Ulionja nini?"

"Dawa. Kila asubui naonja moja moja mbele yake, njo namupa. Banasema niko mulozi. Basi nilionja, ili baone haiko sumu."

Alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu kikaidi, mtu mzima wa afya yake, kwa adabu tu. Aliionja dawa kama anavyoonja pombe ya ndizi ya mgeni, na mimi, kwa kichefuchefu changu, nilikuwa nafunga macho kila asubuhi, sikuona. Kile kicheko cha muganga kikamtoka mpaka akashika nguzo. Alipomaliza kucheka alimgombeza Conso kwa nguvu, kwa haki kabisa, maana dawa zile si pipi. Halafu akasimama katikati ya kiwanja na kuwaita majirani waliokuwa uani.

"Mulikuwa munasema sumu imemurudilia. Huyu anatapika juu ya dawa ya mugonjwa wenu. Alikuwa anajitoa mwenyewe ili musimuue. Kama muko na mawe ingine, munirushie miye."

Hakuna aliyerusha. Kuanzia siku hiyo vidonge nilivifungua mimi mwenyewe. Conso alimimina maji, akayaonja yale maji, akanipa, kisha akasema "fungua" na kuniangalia chini ya ulimi. Muganga alikubali maji yaonjwe. Alisema hata yeye, akienda kwa shangazi yake, hanywi kabla ya mwenye nyumba. Ila mama hakukubali kitu. Alisema muganga naye amenunuliwa.

Mwili wangu uliingia msimu wa pili. Ngozi yangu, ambayo mama aliisifu tangu utotoni kwa kuwa maji ya kunde, ilianza kuwa nyeusi, nyeusi ya kuungua, uso kwanza, kisha mikono. Miguu ilikufa ganzi, nikawa natembea kama nakanyaga majivu. Na harufu ya maharagwe, jamani, mimi muuza maharagwe, ilinitapisha kutoka nyumba ya tatu. Siku moja mnunuzi wangu wa zamani alinipita barabarani bila salamu. Nilipomwita alishtuka, akasema, "Mama Aline, kumbe ni weye?" Nililia nilipofika nyumbani. Conso akaniletea kioo, akakaa karibu yangu na kusema, "Uko hapa. Angalia vizuri, uko hapa." Alikuwa mtu wa kwanza wa nyumbani kuketi karibu nami tangu nianze dawa.

Aline sikumkumbatia muda wote huo. Alikuwa akisimama mlangoni ananisomea masomo yake ya Kifaransa kwa sauti, nami namsahihisha vibaya. Tulicheka kwa umbali ule ule. Ukiwa na mtoto na una ugonjwa huu, tafuta kitu mnachoweza kufanya kutoka mlangoni.

Benchini, siku za kwenda kupimwa, nilipata rafiki, muzee mmoja wa Kibumba aliyelima vitunguu. Aliyekuja wa kwanza alimwekea mwenzake nafasi kwa kofia au kitambaa. Tulishindana nani amekohoa kidogo. "Leo umenipita, Mama Aline," alikuwa akisema, "lakini kesho ni kesho." Muganga alituleteaga maziwa ya moto siku za baridi, yeye mwenyewe, bila kuagizwa na yeyote. Sikumwona tena yule muzee baada ya mlima kulipuka, na ninamwombea.

Mlima ulifunguka ukamwaga moto jioni moja, kiangazi kinapoanza. Mbingu iliwaka nyekundu, watu wakamwagika barabarani, mmoja amebeba televisheni, mwingine mbuzi shingoni. Nilikuwa bado sina pumzi. Deo alimbeba Aline. Mama alichukua Biblia na sufuria. Mimi nilichukua kitenge, basi, akili ilikuwa imetoka. Tulipokuwa tayari tumefika mbali, katika ule umati unaoelekea Sake, nikakumbuka dawa na miguu ikagoma. Nikamwambia Deo kwamba nimekwisha.

Conso akaweka mkono ndani ya blauzi yake, akatoa pakiti zote zimefungwa kwenye kitambaa, zina joto la kifua chake. Hakuwa amechukua nguo yake hata moja. Mama aliona. Alitazama pembeni, lakini aliona.

Nyumba zetu ziliingia chini ya mawe ya moto, na mpaka leo ukipita pale huwezi kujua mlango wetu ulikuwa upande gani. Tulirudi Kalengera kwenye shamba la mama. Nilifuata dawa Rutshuru, msimu wa mvua ukapita, nikaanza kusikia njaa. Njaa yenyewe! Nilikula sombe, yale majani ya muhogo, sahani mbili na Conso akawaita watoto wa jirani waje waone. Nikavumilia hata harufu ya maharagwe. Nilikuwa nimeanza kuuliza bei zake tena wakati milio ya silaha ilipoanza kusikika upande wa milima.

Uasi ulipofika barabarani, watu waligawanyika. Wengi walishuka kuelekea Goma. Mimi nilisema Bunagana, tuvuke, kwa sababu njia ile naijua kwa miguu yangu na ng'ambo nilikuwa nimefanya biashara miaka. Mama akakataa. Alisema hatalala chini ya shitingi moja, yale maturubai ya kambini, na mulozi, afadhali alale na risasi. Tuliachana hapo, barabarani, yeye akaingia kwenye kundi la jamaa wa Kibumba. Nilimtazama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikapotea, na sikuwahi kumkasirikia na kumpenda kwa pamoja namna ile.

Tulivuka na maelfu. Upande wa Uganda walitukusanya kwenye kilima, mvua, tope, shitingi nyeupe kila mahali. Watu walipanga mstari wa biskuti na mablanketi. Conso alipita mistari yote akaenda kwenye hema la wagonjwa, akaweka pakiti tupu na ile nusu iliyobaki juu ya meza.

"Dada yangu anakunywa hii. Ikiisha, atakufa. Munisaidie leo."

Bahati yetu, muuguzi pale alikuwa kijana wa Kisoro, na lugha yao na Kinyarwanda chetu ni mtu na ndugu yake. Alisema dawa ya namna hiyo haipo kilimani, itaombwa hospitali kubwa. Kila asubuhi Conso alisimama mbele ya hema lake, hagombi, hasemi, anasimama tu na urefu wake wote. Yule kijana alisema baadaye kwamba alianza kumwona ndotoni. Dawa zilifika kwa gari la wagonjwa siku niliyomeza zile za mwisho. Sikuruka hata asubuhi moja. Mlima, vita na mpaka, na sikuruka. Hilo nalisema kwa kichwa juu.

Tulihamishiwa makazi ya wakimbizi, mbali, nchi ya vilima vikavu na ng'ombe wenye pembe ndefu. Walitupa kipande cha ardhi. Deo akajenga nyumba ya udongo, akawajengea na wengine. Nikapanda maharagwe, ningepanda nini tena? Na siku moja, majani ya maharagwe yakiwa yanageuka manjano, muuguzi wa kituo alinisomea kipimo cha mwisho akasema nimepona, nisirudi tena benchi la nje. Nilirudi nyumbani mbio kwa miguu yangu yenye ganzi, nikamkumbatia Aline mpaka akalalamika. Alikuwa amekua, kichwa chake kilinifika puani. Conso alicheza pale uani peke yake, bila ngoma.

Nikadhani kesi imekwisha. Wapi!

Kituo cha afya kilituomba, mimi na Conso, tuwe wahudumu wa kujitolea kwa wakimbizi wapya. Wengi walifika wanakohoa na kusema wamepewa karuho. Wengi hawakuwahi kuona muganga anayezungumza Kiingereza, na vidonge kutoka mkononi mwa mgeni hawakuvitaka. Tulijua la kufanya. Tuliwasindikiza, tukawatafsiria, tukawaambia wafungue pakiti kwa vidole vyao wenyewe, sisi tukaonja maji mbele yao. Muuguzi mkuu, mwanamama wa Mbarara, alituangalia kwa mshangao mara ya kwanza. Mara ya pili alituletea vikombe zaidi. Wagonjwa wetu walimaliza dawa zao, nami nilitembea kati ya vibanda vile nikisalimiwa kama mbunge.

Kisha vita vikaingia Goma yenyewe, na watu wa mtaa wetu wa zamani wakaanza kushuka kwenye mabasi. Mmoja alikuwa Mama Noella, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa na kifua kikuu naye. Alipomwona Conso na kikombe, alirudi nyuma.

"Si ule mulozi wa Mama Aline?"

Nikasimama mbele yake. "Mama Aline ni miye. Niangalie. Nilikufa?"

"Weye ulitapishwa Kibumba. Karuho ilitokea kule."

Unaona? Nilikuwa nimepitisha mwaka na zaidi nameza sumu ya hospitali, nimebadilika rangi, nimekufa ganzi, na sifa zote zimekwenda kwa mtu wa beseni. Neno lilisambaa. Wagonjwa walianza kuomba mimi tu ndiye niwape maji. Wengine hawakuja kabisa. Muuguzi mkuu alituita, kwa upole, akasema hawezi kupoteza wagonjwa, labda Conso apumzike kidogo. Conso akasema sawa. Nyumbani aliosha kikombe chake akakiweka juu ya rafu, na mimi nilitamani kuvunja kitu. Nilikuwa nimempa maisha yangu kama ushahidi na ushahidi haukutosha.

Mama alifika mwezi uliofuata. Deo alipata habari kwamba kambi yao karibu na Goma imevunjwa na watu wametawanyika, akaenda kumngoja mpakani, akaja naye kwa basi. Aliposhuka sikumtambua mwendo. Alikuwa mwepesi kama ganda la haragwe. Alinikumbatia, akanishika uso, akasema ngozi imeanza kurudi, kisha akakohoa. Mimi kikohozi kile nakijua. Sikungoja hata anywe chai, nikampeleka kupimwa.

Asubuhi ya dawa yake ya kwanza tulikwenda wote kituoni. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu wa Goma, Mama Noella katikati. Muuguzi mkuu akauliza, nami nikatafsiri, ni nani atakayemwona mama akimeza kila siku. Nilikwisha inuka.

"Kaa," mama akaniambia. Akageuza kichwa, akamtafuta Conso, ambaye alikuwa amebaki nje ya ua kama kawaida yake asipoitwa. "Ni huyu. Conso, kuja."

Conso akaja. Mama akasimama kwa kushikilia nguzo, akawageukia watu wa benchi, na pumzi ilimsumbua kiasi kwamba alisema vipande vipande.

"Batu ya Goma, munisikie. Njo miye nilisema huyu mwanamuke ni mulozi. Nilisema kwa bomba, nilisema kwa shirika. Nilikosa. Mutoto wangu alikuwa na ugonjwa, hii hii niko nayo leo. Huyu alimuponesha. Kama kuko mutu atamuita ile jina tena, asiseme alilisikia kwa..."

Kikohozi kikamkata. Mimi machozi yananitiririka ndani ya barakoa. Deo ameangalia chini. Conso hakulia. Alimngoja mama apate pumzi, akamwekea kikombe mkononi.

"Meza kwanza, mama. Maneno utayamaliza kisha."

Mama akameza. Conso akainama, na mrefu yule lazima ainame sana.

"Fungua. Inua ulimi."

Mama, ambaye tangu nizaliwe sijaona mtu akimwamuru, akafungua kinywa mbele ya benchi zima na kuinua ulimi, na Conso akaangalia vizuri, bila haraka, kushoto na kulia. Akatikisa kichwa kukubali. Mama Noella akasogea mpaka mwisho wa benchi, akafungua pakiti yake mwenyewe, akanyoosha mkono kwa Conso.

"Na miye, dada. Nipe maji."